Nina seliaki na naenda kula bwaloni Marekani: alama ya "haina gluteni" inatosha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa miaka 19 kutoka Tanga. Mwaka jana, baada ya kuugua tumbo kwa muda mrefu na damu kupungua kila mara, nilipimwa damu, nikachukuliwa kinyama cha utumbo, nikaambiwa nina seliaki. Nyumbani nimeshazoea, mama anajua cha kunipikia. Sasa nimepata ufadhili wa shahada ya kwanza katika chuo kimoja jimbo la Ohio na naondoka Agosti. Mwaka wa kwanza ni lazima kulala hosteli za chuo na kulipia chakula cha bwaloni. Kwenye tovuti yao vyakula vingi vimewekewa alama kwamba havina gluteni. Niziamini? Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo nahitaji na halali pia. Naogopa kuonekana msumbufu, mgeni mie. Na je, uji wa oti naruhusiwa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa ufadhili. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe, lakini swali lako ni la kwetu hasa, maana seliaki, ugonjwa ambao gluteni huifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo, mpaka leo haina kidonge. Tiba yake ni kuacha gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano), maisha yote, na kwa hiyo anayekupikia ana kazi kubwa kuliko anayekuandikia dawa.

Alama hizo ziamini nusu. Kibandiko kilicho juu ya trei kinakueleza mapishi: kwamba aliyepanga menyu hakuweka ngano, shayiri wala rai katika chakula hicho. Hakikuelezi yaliyotokea jikoni saa tano asubuhi, wala alichofanya mwanafunzi aliyekutangulia kwenye foleni na upawa wake. Wenye seliaki wengi ninaowaona wakiugua vyuoni hawakula mkate. Walikula chakula chenye alama sahihi kilichoguswa na kitu kingine.

Chembe zina uzito huo kwa sababu ya kipimo chenyewe. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba wengi wenye seliaki huvumilia chini ya miligramu 10 hivi za gluteni kwa siku. Kipande kimoja cha mkate kina gramu mbili au zaidi. Kwa hiyo unazungumzia sehemu moja ya mia mbili ya kipande: makombo yanayobaki kwenye kisu cha siagi. Na utumbo haungoji tumbo liume ndipo uumie. Wapo wanaokula chembe kila siku wasihisi kitu, ila wakipimwa damu kingamwili, zinazoonyesha kwamba mwili unapambana na gluteni, ziko juu vilevile. Nyumbani nadhani umeshaliona hili kwenye mashine ya kusaga: ikitoka kusaga ngano, mahindi yanayofuata si unga wako, hata kama mahindi yenyewe ni safi. Bwalo ni mashine hiyo hiyo, ila inasagia mamia ya watu kwa mlo mmoja.

Usichanganye kibandiko cha bwaloni na maandishi ya kwenye pakiti. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa kanuni kwamba bidhaa ikiandikwa haina gluteni lazima iwe na gluteni chini ya miligramu 20 kwa kilo. Maandishi hayo ya pakiti yategemee. Lakini trei ya bwaloni haipelekwi maabara kabla ya kuwekwa kaunta, na ndiyo maana vyuo vingine vimeacha kabisa kuandika "haina gluteni", vinaandika kwamba chakula "kimetengenezwa bila viambato vyenye gluteni". Ukikuta maneno hayo usiyachukie. Wanakuambia ukweli: tumesimamia viambato, hatukuahidi zaidi. Pakiti nazo zina mtego mmoja. Sheria yao ya mwaka 2004 kuhusu vyakula vyenye mzio inalazimisha ngano itajwe waziwazi, ila shayiri na rai hazimo katika orodha hiyo. Nafaka za kifungua kinywa za mahindi matupu mara nyingi hutiwa ladha ya kimea cha shayiri, na neno ngano hutaliona popote.

Sasa tupite kaunta kwa kaunta, maana huko ndiko utakakokuwa umesimama na trei mkononi.

Chipsi ni viazi, mafuta na chumvi, kwa hiyo alama inawekwa bila shida. Uliza mafuta hayo yamekaanga nini kingine. Kama kuku wa kupakwa unga anapita humo humo, chipsi hizo ziache. Isitoshe, baadhi ya chipsi za kugandishwa huja zimeshapakwa unga kiwandani ili zikauke vizuri. Tambi zisizo na gluteni hazina ubaya zikiwa kwenye pakiti, ila mpishi mwenye haraka anazitumbukiza katika maji yaliyochemsha tambi za ngano tangu asubuhi, kisha anazichuja kwa chujio lile lile. Supu nzito nyingi hukolezwa kwa unga uliokaangwa na siagi. Saladi hunyunyiziwa vipande vya mkate mkavu, na hata kama wewe hukuvichota, kibanio kilichovichota sasa kimelala juu ya nyanya.

Kaunta ya vyakula vya Kichina nitakaa nayo kidogo. Mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, jambo linalowashangaza watu wengi kwa sababu weusi wake hauna dalili yoyote ya unga. Basi simama pale utazame kabla hujaagiza. Mpishi anamaliza oda ya mtu, anakwangua kikaango kwa mwiko wa chuma, anamwaga maji kidogo, yanachemka sekunde mbili tatu, anayamwaga, anaanza oda nyingine. Kwake kikaango kimesafishwa. Kwako kimesuuzwa kwa maji yenye mchuzi. Ukimwambia "nitilie wali na mboga bila soya" atakubali kwa tabasamu na utaugua vilevile. Anachotakiwa kufanya ni kuchukua kikaango kingine kilichotoka kuoshwa, mwiko mwingine na glovu mpya, na hayo lazima uyataje moja moja.

Usidanganywe na jina la mkate wa mahindi. Wa kwao kwa kawaida huchanganywa na unga wa ngano, si kama ugali wetu. Kuskusi, bulgur na semolina zote ni ngano kwa majina tofauti. Siagi ya karanga iliyo kwenye ndoo ya wote imeshaingizwa visu vyenye makombo tangu Jumatatu. Kijiko cha aiskrimu kinatoka kwenye ndoo yenye vipande vya biskuti kinaingia kwenye vanila. Tosta ya wote usiisogelee, hata wakikuambia imefutwa.

Vya kutegemea wiki za mwanzo, kabla hujawajua wapishi, ni vile visivyoguswa: yai la kuchemshwa lenye ganda lake, kiazi kilichookwa kizima, ndizi, chungwa, mtindi uliofungwa kikoponi, na wali unaopakuliwa kutoka kwenye sufuria ya nyuma badala ya trei iliyo jirani na kuskusi. Fika bwalo linapofunguliwa. Wakati huo trei ni mpya, pawa bado hazijahama, na mpishi ana nafasi ya kukusikiliza. Saa saba kamili watu wamejaa, na hata mpishi mwema hana muda.

Hayo ni ya kujikinga. Kazi kubwa zaidi iko kwenye barua pepe utakazoandika kabla hujapanda ndege, na hapa nakuomba usichelewe.

Nchini Marekani seliaki inaweza kuhesabiwa kama ulemavu kwa mujibu wa sheria yao ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu. Neno hilo lisikushtue. Kule ni mlango wa kisheria, halikupunguzii hadhi wala haliandikwi kwenye cheti chako, na halidai uwe raia. Desemba 2012 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na Chuo Kikuu cha Lesley, Massachusetts, kuhusu jambo hili hili: wanafunzi waliolazimika kulipia chakula cha chuo huku wakiwa na seliaki au mzio. Chuo kilikubali kuandaa vyakula visivyo na gluteni na vizio vingine, kuwaruhusu wanafunzi hao waagize mapema, kutenga sehemu maalumu ya kuhifadhi na kuandalia chakula chao, kufundisha wafanyakazi, na kulipa dola 50,000 kwa waliodhurika. Tangu hapo ofisi za vyuo zinajua kwamba barua kama yako haitupwi.

Kwa hiyo andika kwa ofisi mbili kwa wakati mmoja: ofisi inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu, na idara ya chakula, ukiomba kuunganishwa na mtaalamu wao wa lishe. Vyuo vingi vikubwa vinaye. Ambatisha barua ya daktari wako kwa Kiingereza, yenye mhuri, pamoja na majibu ya kipimo cha damu na ripoti ya kinyama cha utumbo. Ripoti hiyo ya mwisho ibebe pia kwenye karatasi, mkononi, usiiweke kwenye begi la kupakia. Sababu yake ni hii: ukifika bila ushahidi na mtu akataka uthibitishwe upya, vipimo havisomeki sawasawa kwa mtu aliyeacha gluteni. Itabidi urudie kula ngano kwa wiki kadhaa ili utumbo uharibike uonekane. Sikutakii hilo katikati ya muhula.

Katika barua uliza mambo yenye jibu. Ukiuliza "mna chakula kisicho na gluteni?" watakujibu ndiyo na mtakuwa hamjaambiana kitu. Uliza kama wana chumba au kabati maalumu lenye tosta yake na maikrowevu yake, na nani anaruhusiwa kuingia humo. Kabati lililo wazi kwa wote hujaa makombo ndani ya mwezi. Uliza kama unaweza kuagiza mlo usiku na kuukuta umefunikwa, una jina lako. Uliza ni bwalo lipi kati ya mabwalo yao lina jiko lililotenganishwa, kisha omba hosteli iliyo karibu na bwalo hilo, maana Januari ya Ohio si ya kutembea nusu saa kwenda kula. Vyuo vingine vimefika mbali: Kent State, huko huko Ohio, ilipata mwaka 2016 ithibati ya bwalo la Prentice kuwa halina gluteni kabisa, na Cornell katika jimbo la New York ikafanya hivyo kwa bwalo la Risley mwaka 2017, likiwa halina na karanga. Chuo chako kikikujibu kwamba haiwezekani, una mifano.

Na wakishindwa kabisa kukulisha salama, omba kwa maandishi uondolewe kwenye malipo ya bwalo na upewe hosteli yenye jiko. Ombi hilo lina uzito zaidi likija na kumbukumbu za siku ulizougua kuliko likija kama hofu tu.

Sasa halali. Hapa ndipo wanafunzi wa kwetu wanapokwama, na sababu ni ya kiofisi. Ukiomba halali kwa mtu mmoja na gluteni kwa mwingine, utatatuliwa matatizo mawili kwenye sahani mbili: kaunta ya halali itakupa kuku juu ya mkate wa naan, na kaunta isiyo na gluteni itakupa wali mzuri wenye nyama usiyoweza kuila. Utamaliza mwaka unakula mboga. Yaandike yote mawili kwenye barua moja, sentensi moja: nahitaji chakula cha halali kisicho na gluteni katika mlo mmoja. Kisha kikague hata hicho cha halali. Neno halali linazungumzia mnyama na uchinjaji, halisemi kitu kuhusu unga. Kofta hutiwa chenga za mkate ili zishikane, na viungo vya shawarma vya pakiti vingine vina ngano.

Ramadhani miaka hii inaangukia mapema mwakani, katikati ya muhula. Omba mapema daku ya kubeba. Futari ya pamoja ya wanafunzi Waislamu nenda, usijitenge, lakini beba chakula chako. Tende na maji ni zako. Sambusa unazijua. Harisi pia unaijua bila shaka, ni bokoboko letu kwa jina la Kiarabu, ngano na nyama zilizopondwa mpaka huwezi kuona punje.

Kuhusu kuonekana msumbufu. Kwetu mgeni hufundishwa kula anachopewa, na adabu hiyo endelea nayo ukialikwa nyumbani kwa mtu, ila umwambie mwenyeji siku mbili kabla ili asipike bure. Bwaloni hali ni nyingine. Zimelipwa maelfu ya dola kwa jina lako kabla hujaonja tonge la kwanza, na kuuliza kimo ndani ya huduma hiyo. Jambo moja tu la lugha: usiseme kwamba "huli gluteni". Marekani wapo wengi walioacha ngano kwa hiari, na wapishi wameshawaona wakichukua keki mwishoni mwa mlo. Sema una seliaki, na kwamba chembe tu inakuumiza. Mtafute mpishi mkuu au msimamizi wa zamu siku ya kwanza, jitambulishe, umjue jina naye akujue. Kwa uzoefu wangu hilo moja hufanya kazi kuliko fomu zote za ofisini, maana yeye ndiye atakayekuambia "leo usile ile supu, wamebadilisha chapa ya viungo".

Chumbani weka friji ndogo na sufuria ya umeme ya wali, baada ya kuuliza kanuni za hosteli, kwa sababu nyingine zinakataza kitu chochote chenye koili. Columbus kuna jamii kubwa sana ya Wasomali, ukifika huko utapata nyama ya mbuzi ya halali na viungo vinavyonukia kama nyumbani. Ila angalia: anjera ya Kisomali kwa kawaida ina unga wa ngano, na injera ya Kihabeshi, ambayo kwa asili ni ya tefu, nafaka ndogo ya Ethiopia isiyo na gluteni, huko mara nyingi huchanganywa na ngano au shayiri. Unga wa mahindi wa ugali nunua ulioandikwa kwenye pakiti kwamba hauna gluteni, na huo ndio utakuwa rafiki yako wa wikiendi.

Siku utakayokula gluteni kwa bahati mbaya, na itakuja, hakuna cha kuiondoa. Vidonge vya vimeng'enya vinavyouzwa madukani usivitegemee. Kunywa maji, pumzika, na ukipata nguvu mwandikie msimamizi: tarehe, mlo, kaunta, ulichokula. Usiandike kwa hasira. Andika kama mtu anayeripoti bomba linalovuja, kwa sababu kesho yake kuna mwenye seliaki mwingine kwenye foleni hiyo, na kwa sababu hizo ndizo kumbukumbu nilizozitaja.

Omba kliniki ya chuo ikupime kingamwili za seliaki miezi sita baada ya kufika. Namba zikipanda, bwalo linakulisha chembe hata kama wewe hujisikii vibaya. Siku hiyo hiyo wapime madini ya chuma, foleti, B12 na vitamini D. Hiyo ya mwisho isisitize. Utumbo wako hausharabu vizuri mpaka upone, ngozi yetu nyeusi inahitaji jua jingi, wewe utakuwa umejisitiri, na jua la Ohio kuanzia Novemba ni la kuangalia tu.

Uji wa oti: subiri. Oti yenyewe haina gluteni ya ngano, na wengi wenye seliaki huivumilia, ingawa wachache hawaiwezi. Tatizo kubwa ni kwamba hulimwa, husafirishwa na husagwa pamoja na ngano na shayiri, kwa hiyo ya sufuria ya bwaloni isahau. Vipimo vyako vikishatulia, nunua pakiti iliyoandikwa kwamba haina gluteni, anza na nusu kikombe, chumbani kwako, wiki ambayo huna mtihani. Kwa sasa tafuta unga wa ulezi au wa mtama, nao ununue wa pakiti yenye maandishi hayo hayo. Ule mchanganyiko wa uji wa lishe wa nyumbani usiubebe, mwingi una ngano.